Usimuuguze Mzazi Peke Yako

Nayaandika haya kwa yule ambaye mzazi wake ametoka hospitali juzi, na nyumbani wameshaanza kumwambia, "Wewe ndiye uliye karibu, wewe ndiye unayemjua mama." Mimi niliambiwa hivyo. Mama alipata kiharusi akiwa na miaka 67. Upande wa kulia ulilegea wote, mkono na mguu, na maneno yakawa yanamkwama mdomoni. Kaka yangu yuko Dar es Salaam, dada yuko Korogwe, mdogo wetu wa mwisho anaendesha bajaji hapa hapa Tanga. Mimi ni fundi cherehani Ngamiani, na kutoka kibandani kwangu hadi kwa mama Makorora ni mwendo mfupi wa baiskeli. Hakuna aliyeuliza nani atauguza.

Siku yenyewe sitaieleza kwa urefu. Alikuwa anakuna nazi, kizio kikamponyoka, jirani akaona mdomo umekwenda upande. Mama mkubwa alisema ni upepo, atafutwe kwanza mtu wa kumzingua. Mdogo wetu hakungoja mjadala. Alimpakia mama kwenye bajaji akampeleka hospitali, na dua tukasoma baadaye kwa utulivu. Namshukuru mpaka leo. Mdomo ukienda upande, mkono usipoinuka, maneno yakiparaganyika, hata ikiwa ni kwa dakika chache kisha hali ikarudi, hospitali ndiyo ya kwanza. Kiharusi ama ni mshipa wa ubongo umeziba, ama umepasuka, na tiba ya hiki siyo ya kile. Daktari hajui mpaka kichwa kipigwe picha. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Saa hizo haziwangoji ndugu wanaoshauriana.

Alipokuwa wodini, wote walikuja. Kaka alikuja na wifi, dada akaja, mashangazi wa Pangani na Muheza wakaja na chupa za uji na vikapu vya machungwa, mpaka muuguzi akawa anatuomba tupungue. Mama aliporuhusiwa, nyumba ilijaa wiki nzima. Kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo, lakini ndipo kazi ilipoanza. Siku ndugu wamejaa ndiyo siku ya kupanga, kwa sababu wote wapo na huruma bado ni mbichi. Sisi siku zile zilipita kwa kupika na kupakua. Kama mgonjwa wenu bado yuko wodini, kaeni kikao leo.

Kumuuguza mtu wa kiharusi ni kazi ya mwili kabla ya kuwa kazi ya moyo. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2, mchana na usiku, la sivyo ngozi ya kiunoni na visiginoni huanza kufa na kuwa vidonda ambavyo kupona kwake ni shida kubwa. Kula kwake ni kwa kukalishwa wima, kijiko kidogo kidogo, uji uwe mzito kidogo maana mwepesi ndio unaompalia, na akimaliza abaki amekaa nusu saa nzima. Halafu kuna kuogeshwa, kubadilishwa, mazoezi ya mkono na mguu, dawa, kufua. Nilikuwa nafua shuka kabla ya alfajiri ili jua la asubuhi likitoka zianze kukauka.

Kilichoanza kuondoka kwangu ni usingizi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, na mimi nilikuwa nalala vipande vipande. Usingizi ulipoondoka ukaondoka na kazi: nilikata vitambaa vya wateja huku macho yamefifia, gauni la harusi likatoka fupi kuliko kipimo, na mwenye harusi akachukua kitambaa chake na fedha yake. Kazi ilipopungua, fedha ya kikoba ikawa ya kukopa. Mgongo ukaanza kuuma kwa kumwinua mama nikiwa nimeinama. Wanangu wawili walikula kwa jirani mara nyingi kuliko kwangu. Sala niliziswali za mwisho wa wakati, mbio mbio. Naeleza mfuatano huu kwa makusudi, kwa sababu tunapozungumzia ustawi wa mtu huwa tunautenga mafungu: mwili huku, akili kule, fedha, ibada, jamaa. Katika kuuguza mafungu hayo hayajitengi. Ukivuta uzi mmoja nguo nzima inafumuka.

Na hasira. Watu hawapendi kuisema hii kwa kuwa ni mama, na pepo iko chini ya nyayo zake. Lakini hasira ilikuwapo. Niliwakasirikia ndugu kila simu yao ilipolia wakauliza, "Mama anaendeleaje?" bila kuuliza mimi naendeleaje. Nikawakasirikia wageni waliokuja kumwona mgonjwa wakakaa hadi chakula kiive. Na usiku, mara nyingine, nilimkasirikia mama mwenyewe kwa kunyanyua ule mkono mmoja kuniita, kisha nikaenda uani nikalia kwa aibu ya kumkasirikia. Mtu yeyote akikuambia aliuguza miaka na hakuwahi kuhisi hivyo, mshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini usijipime naye.

Kilichotuamsha ni homa. Mama alichemka, mkojo ukabadilika rangi na harufu, tukarudi hospitali, ikawa ni maambukizi ya njia ya mkojo. Daktari aliuliza anakunywa maji kiasi gani. Nikasema kidogo, kila nikimpa anakataa. Yule daktari akavuta kiti akakaa mbele ya mama, akamwuliza yeye mwenyewe, polepole, "Mama, maji huyataki, au kuna jambo?" Mama alihangaika na maneno kwa muda. Daktari akangoja. Kisha mama akaninyooshea mkono wa kushoto akasema, "Mwanangu halali."

Alikuwa anajinyima maji ili asiniamshe usiku.

Nilikuwa nikiamini kwamba uchovu ule ni sadaka yangu, kwamba mimi namalizika ili yeye apate. Kumbe ulikuwa umeshaingia mwilini mwake. Mgonjwa anayeuguzwa na mtu mmoja aliyechoka huanza kuomba kidogo: maji kidogo, kugeuzwa kidogo, hata kuzungumza kidogo. Anakuhurumia, na huruma yake inamwumiza. Tangu siku ile sijawahi tena kukubali neno la kwamba anayeuguza akijifikiria mwenyewe ni mchoyo.

Siku hiyo hiyo muuguzi alinipima na mimi presha, ikawa 158 kwa 96. Kipimo kimoja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Nilirudi siku nyingine, nikakaa kimya dakika 5 kabla ya kupimwa, miguu chini, mkono juu ya meza, na bado ilikuwa juu ya 140 kwa 90. Presha ndiyo iliyomwangusha mama. Dawa zake alikuwa ameziacha kwa sababu anajisikia mzima, na presha ndivyo ilivyo, kwa walio wengi haiumi mpaka ilete balaa. Kama mzazi wako amepata kiharusi, wewe na ndugu zako nyote mpimwe. Ni kipimo cha dakika chache.

Nilimpigia shangazi yetu wa Pangani, dada yake marehemu baba, kwa kuwa yeye ndiye mtu ambaye kaka hawezi kumkatia simu. Akaita kikao. Tulikaa mkekani barazani kwa mama, naye mama tukamtoa akakaa kwenye kiti, kwa sababu shangazi alikataa mambo ya mtu yazungumzwe yeye yuko ndani. Kaka akaanza kwa kusema yeye hutuma fedha.

"Fedha haimgeuzi mtu kitandani, baba," shangazi akamwambia.

"Sasa shangazi, mimi niko Dar, nitamgeuzaje?"

"Fedha yako imlipe atakayemgeuza. Na wewe uje mwenyewe, mwezi mara moja, huyu dada yako alale."

Ndivyo ilivyokuwa. Kaka akabeba mshahara wa mwanamke wa mtaani kwetu wa kusaidia. Dada akachukua wiki moja ya kila mwezi. Mdogo wetu akachukua usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Hapo palikuwa na ugumu ambao familia nyingi za kwetu zitaujua: mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Mama asingekubali, naye asingeweza. Badala ya kumwondoa kwenye zamu tukagawa kazi kwa namna nyingine. Kuoga na kubadilishwa ni kwetu wanawake na wifi yetu, mke wake. Kuinua, kugeuza, kulisha, dawa, safari za kliniki na mazoezi ni yake, na usiku wa zamu zake wifi alikuwa yuko naye. Msikubali sababu ya aibu iwatoe wanaume wote nje ya kuuguza. Kazi zisizo na aibu ni nyingi sana.

Usiku wangu nao tuliukata vipande viwili. Mimi hadi saa sita, kisha binti yangu mkubwa au yule msaidizi hadi alfajiri. Kulala saa tano mfululizo kulinirudishia akili kuliko dawa yoyote.

Fedha tuliiweka kwenye daftari lililoning'inia msumarini chumbani kwa mama: pampasi, dawa, sabuni, nauli, mshahara wa msaidizi. Kila mmoja alitaja kiasi anachokiweza, na viwango havikulingana, tukakubaliana visilingane. Daftari liliua maneno ya chini chini. Kuna mambo mawili ya fedha ambayo ningetamani kila familia iyajue mapema. Kwanza, Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Anzeni na barua ya serikali ya mtaa, kisha mwoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kabla deni halijawa kubwa. Pili, vikoba vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Waambie wenzako hali yako mapema. Mimi wenzangu walinipunguzia hisa na kunisubiri, na wala hawakunitazama vibaya kama nilivyodhani.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo naye alinisaidia mimi kama alivyomsaidia mama. Alinifundisha kutomvuta mama kwa mkono uliolegea, maana bega hutoka mahali pake. Tukunje kanga iwe mkanda, tuifunge kiunoni mwake, tushike hapo. Kiti kiwekwe upande wake wenye nguvu. Nikunje magoti, mgongo nisiupinde. Na kitanda tukakipandisha kwa matofali chini ya miguu wakati wa kumhudumia nisiwe nainama, ingawa baadaye alipoanza kusimama tuliyaondoa ili nyayo zake zifike chini. Mgongo ulitulia.

Kuhusu kazi, wapo watakaokushauri uhamishie kazi yako kwa mgonjwa. Nilifanya hivyo. Cherehani ikaletwa barazani kwa mama, wateja wakanifuata, na kwa muda ilionekana ni akili. Lakini nilikuwa nashona na sikio liko chumbani, namlisha na jicho liko kwenye cherehani, na tangu asubuhi hadi usiku sitoki nje ya ukuta ule. Cherehani ilirudi Ngamiani. Nilikubali kushona saa chache, nikaacha nguo za harusi kwa msimu ule, nikabaki na sare za shule na madera ambayo mkono wangu unayajua hata ukiwa umechoka. Kipato kilishuka na kikabaki chini muda mrefu, silifichi hilo. Ila zile saa chache za kibandani, nikisikia kelele za sokoni na mafundi wenzangu wakitaniana, zilikuwa zangu. Na ile baiskeli ya kwenda na kurudi ikawa ndiyo mazoezi yangu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, nami nisingezipata kwa njia nyingine.

Ibada ilirudi kwa jambo dogo. Nguo zangu zilikuwa na mkojo karibu kila saa, na hiyo ndiyo ilikuwa inanichelewesha sala: mpaka nioge, nibadilishe, nitafute kanga safi. Dada akanitundikia gauni na kanga za sala nyuma ya mlango, zisiguswe kwa kazi nyingine. Basi. Mama naye tukamwelekeza kibla kitandani, akaanza kuswali akiwa amekaa, kwa ishara, na uso wake ukabadilika. Kumbukeni kwamba mgonjwa ana ibada yake, ana marafiki zake, ana mapenzi yake ya kusikiliza redio. Takriban mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi hupata sonona, na mama alikuwa mmojawao: kulia bila sababu, kukataa chakula, kugeukia ukutani. Tulidhani ni ukaidi. Daktari aliitibu kama ugonjwa, kwa sababu ni ugonjwa, na alipopata nafuu hata mguu ulianza kufanya kazi kwa bidii zaidi. Anayeuguza naye hupatwa. Huzuni ikikushika wiki mbili mfululizo na hufurahii tena chochote, sema kliniki.

Chakula kilituletea ubishi mkubwa kuliko nilivyotegemea. Mama ni mtu wa papa mkavu na achari, na vyote hivyo ni chumvi. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai hivi, kwa jumla ya vyote alivyokula. Kumnyima tu hakukufaa, alikuwa anaacha kula. Tukaanza kupika mchuzi kwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu kwa wingi, samaki mbichi wa asubuhi, na papa akaondoka polepole, mwezi hadi mwezi. Nyumba nzima ikala hivyo, na presha yangu nayo ikashuka, pamoja na dawa.

Wageni niliwafundisha kazi. Mtu akija kumwona mgonjwa na kilo ya sukari, nilimshukuru nikamwambia, "Shoga, kaa naye nusu saa nikaoge." Hakuna aliyekataa hata mmoja. Watu wa Tanga wanajua kuja. Huwa hawajui wafanye nini wakifika. Waambie.

Mume wangu alivumilia mengi, nasi tulikubaliana Jumapili jioni tutoke wawili, twende Raskazone tukale mihogo ya kuchoma, na tusizungumze habari za pampasi. Hiyo ilitosha.

Ukiniuliza kama nilipata mizani, nitasema siku moja kamili yenye kila kitu mahali pake sikuwahi kuipata. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inasema afya ni kuwa mzima kabisa kimwili, kiakili na kijamii. Mwenye mgonjwa ndani hafiki huko. Nilichojifunza ni kuuliza kila wiki ni kipi kinaweza kungoja na kipi kikiachwa kitaniangusha. Nguo za harusi zilingoja. Baadhi ya shughuli za watu sikwenda, nikatuma salamu na mchango. Usingizi na kipimo cha presha havikungoja. Na jibu la swali hilo halikuwa langu peke yangu, maana kila nilichokitua ilibidi kuwe na mtu wa kukipokea.

Sasa mama anatembea kwa mkongojo mpaka barazani. Anachagua mchele kwa mkono wa kushoto na hapendi kusaidiwa. Maneno bado yanamkwama akichoka. Kaka kuna miezi anachelewa kutuma, shangazi anampigia. Zamu tunazipanga upya kila hali ikibadilika, na kubwa tunaipanga Shaabani, kabla ya Ramadhani, kwa kuwa hapo mambo yote hugongana: fundi cherehani anatafutwa na mji mzima kwa nguo za Idi, na kumi la mwisho ndilo kila mtu analitaka kwa ibada. Safari hii nimewaambia mapema kwamba kumi la mwisho mchana nina cherehani na usiku nina msikiti, kwa mama sitaweza. Dada anakuja kutoka Korogwe na wanawe. Mdogo wetu amesema usiku ni wake na wifi, daku atapika yeye.